Kisa cha Wii: rimoti ilishinda nini hasa?

Kuna ubishi mmoja ambao ukiwakuta watu wa gemu wamekaa, dakika kumi haziishi haujaibuka: gemu zinakua kwa sababu ya grafiksi kali au kwa sababu ya namna mpya za kuchezea? Wa grafiksi atakuonyesha jasho kwenye shingo ya mchezaji wa mpira, mwenzake atamwambia jasho la nini wakati vitufe ni vilevile tangu enzi za PS1. Mimi nimeshabisha pande zote mbili kwa nyakati tofauti, na kila nikibisha najikuta narudi kwenye mashine moja tu, Wii, mashine ya gemu ya kuchomeka kwenye tivi ya kampuni ya Nintendo, kwa sababu pale ubishi ulitoka midomoni ukaingia dukani. Kampuni moja ilisema wazi sisi grafiksi tunaziacha hapa zilipo, hela yetu tunaiweka kwenye pedi, yaani kile kidude cha kushika mkononi, wenzao wawili, Sony na Microsoft, wakaenda njia ya nguvu, halafu Wii na PlayStation 3 zikaingia madukani Marekani zikipishana siku mbili. Huwezi kuomba kipimo kizuri zaidi ya hicho, basi tukichambue taratibu.

Kwanza hali ilivyokuwa. Nintendo walikuwa wametoka kuchapwa. GameCube yao ya 2001 iliuza kama milioni 22 maisha yake yote, PS2 ya Sony ikapita milioni 155, na hata Xbox ya Microsoft, mgeni kabisa mjini, ikawazidi kidogo kwa milioni kama 24. Na GameCube haikuwa mashine dhaifu, hili watu wanalisahau sana, kwa nguvu ilikuwa inaizidi PS2. Yaani Nintendo walishaonja kwa ulimi wao wenyewe kwamba kuwa na picha nzuri kuliko jirani hakuleti wateja. Rais wao tangu 2002 alikuwa Satoru Iwata, jamaa ambaye kabla ya ubosi alikuwa programa wa kuandika gemu kwa mkono, na hesabu yake ilikuwa kwamba wanaocheza gemu ni walewale, wanazidi kuzoea, gemu zinazidi kuwa ngumu kwa ajili yao, na asiyecheza akiangalia ile pedi yenye vitufe kumi na kitu anaona kama kaonyeshwa chumba cha rubani. 2004 walijaribu wazo hilo kwenye kimashine cha mkononi, Nintendo DS, chenye kioo cha kugusa, likakubali. Septemba 2005, pale Tokyo Game Show, Iwata akapanda jukwaani na kitu kinachofanana na rimoti ya tivi, watu wakashangaa.

Ndani ya Wii kwenyewe hakukuwa na cha kutisha. Prosesa yake ilikuwa ya ukoo uleule wa GameCube, imepandishwa kutoka megahezi 485 hadi 729, ndiyo maana diski za GameCube zilikuwa zinaingia humo na kucheza bila shida. Memori megabaiti 88 wakati Xbox 360 na PS3 kila moja ina 512. Picha mwisho 480p, yaani mistari 480 kutoka juu hadi chini, HD hakuna kabisa. Bei ndiyo ilikuwa na la kusema: Novemba 2006 Marekani Wii dola 250, PS3 dola 500 au 600 kutegemea ukubwa wa diski ya kuhifadhia ndani (hard disk), na hapo Sony bado anauza kila moja kwa hasara.

Sasa rimoti. Hapa naomba tukae kidogo maana kesi nzima imelala hapa na watu wengi wanaipita mbio. Ile rimoti ilikuwa na vitu viwili tofauti kabisa ndani yake ambavyo matangazo yaliviuza kama kitu kimoja. Cha kwanza ni kisensa cha mwendo, kinachojua tu kwamba rimoti imetikiswa, kwa nguvu kiasi gani, na imeinamia upande gani ikiwa imetulia. Cha pili ni kamera ndogo ya infraredi pale kwenye pua ya rimoti. Ule upau mweusi mwembamba unaouweka juu ya tivi, ambao kila mtu anadhani ndio unaokuona, hauoni chochote, ni taa tu, taa za infraredi upande huu na upande ule, na rimoti ndiyo inayoziangalia na kupiga hesabu imeelekezwa wapi kwenye kioo.

Nalijua hili kwa sababu ya panya. Yetu ililetwa na anko kwenye begi kutoka Uingereza mwaka 2010, tukaifunga kwenye tivi ya chogo kwa zile waya tatu, nyekundu nyeupe njano, na haikupita miezi panya akautafuna waya wa ule upau. Binamu yangu akasoma mahali kwamba mishumaa inafanya kazi ileile, tukabisha, tukasogeza meza, tukawasha miwili mbele ya tivi ikiwa imeachana kama shubiri moja, na kweli, kile kimkono kwenye kioo kikarudi na kikawa kinafuata rimoti vizuri kabisa, kinayumba kidogo tu feni ikipuliza ule moto. Mama mdogo alivyoingia akakuta umeme upo, feni inazunguka, na vijana wazima wamewasha mishumaa mbele ya tivi, aliuliza kama tumeingia dini gani.

Kwahiyo shikeni hivyo viwili, kutikisa na kuelekeza, maana vitaachana mbele ya safari.

Siku za mwanzo tulikuwa tunacheza tenisi ya Wii Sports tumesimama, makochi yamesukumwa ukutani, tunapiga foahendi za Serena kabisa mpaka bega linauma. Kisha akaja dogo mmoja wa jirani, mtoto wa banda la gemu, kwenye PS2 alikuwa anatufunga sita bila. Akacheza mechi moja amesimama, akafungwa. Mechi ya pili akakaa. Ya tatu akalala kabisa kwenye mkeka, rimoti kaishika kwa vidole viwili kama mtu anayekung'uta kipima joto, akawa anapiga kishtuko kidogo cha kiganja, tik, tik, na akatufunga wote mmoja baada ya mwingine. Alivyomaliza akasema, "Kaka, mbona hii ni kitufe cha X tu, wamekificha ndani ya rimoti." Mimi nilikasirika maana nilikuwa natoka jasho, lakini alichosema ni uchambuzi kamili kuliko mwingi niliousoma baadaye. Kwenye tenisi ile mwanasesere wako anakimbia mwenyewe, anaufuata mpira mwenyewe, wewe umebakiziwa kitu kimoja tu, lini. Ukiwahi mpira unaenda upande huu, ukichelewa unaenda ule. Kitufe kimoja kingetosha.

Ukitaka ushahidi usiotegemea mkeka wetu, upo, na ni mzuri ajabu. The Legend of Zelda: Twilight Princess ilitengenezwa kwa ajili ya GameCube, ikachelewa, Nintendo wakaamua itoke kwenye zote mbili, Wii Novemba 2006 na GameCube Desemba. Gemu ileile, picha zilezile, kilichobadilika ni pedi. Upande wa Wii upanga ulikuwa unapigwa kwa kutikisa rimoti, na kwa vile Link, shujaa wa Zelda, toka zamani ni mtu wa mashoto na wachezaji wengi wanashika rimoti mkono wa kulia, wakaigeuza dunia nzima kama kwenye kioo cha kujitazamia, kilichokuwa magharibi mwa ramani kikawa mashariki, ili mradi Link ashike upanga mkono wa kulia. Hebu fikiria kazi hiyo. Na baada ya yote hayo upanga ulikuwa haujali umepiga kutoka juu, kutoka pembeni, au umekuna mgongo kwa bahati mbaya, mtikiso wowote ni pigo. Kama kitufe B cha pedi ya GameCube, kasoro kwamba kitufe B hakichoshi. Waliocheza zote mbili hawakupata gemu mbili, walipata gemu moja kwa mikono miwili tofauti. Pale Wii ilipoizidi kweli ilikuwa kwenye upinde, unaelekeza rimoti kwenye kioo, unaachia mshale. Kuelekeza, siyo kutikisa.

Halafu njoo Resident Evil 4, gemu ya kutisha. GameCube Januari 2005, PS2 Oktoba mwaka huohuo, kisha Wii 2007. Picha hazikupanda daraja, ni zilezile za GameCube. Kwenye pedi ya kawaida kulenga kulikuwa ni mateso matamu, unasimama, unainua bunduki, unakivuta kile kitaa chekundu taratibu kwa kijiti huku mwanakijiji na shoka lake anakusogelea, na huo utaratibu ndio uliokuwa unatisha. Kwenye Wii unanyoosha rimoti kichwani mwa mtu na kichwa kinaondoka. Gemu ikawa nyepesi, wapo waliolalamika kwamba hofu imepungua na siwalaumu, lakini hakuna aliyeweza kusema ni gemu ileile. Mkono ulipata uwezo ambao kijiti hakina. Hapo ndipo pedi mpya ilipobadilisha mchezo kweli, na wala halikuwa lile jambo lililotangazwa sana, matangazo yalijaa watu wanaoruka sebuleni, siyo mtu aliyekaa ametulia ananyoosha kidole.

Mpaka hapa wa pedi anaweza kusema basi nimeshinda, ondoa kutikisa, bakiza kuelekeza, pedi ndiyo maendeleo. Sasa mletee Dead Rising.

Ilitoka 2006 kwenye Xbox 360, jamaa mpiga picha kafungiwa ndani ya jengo kubwa la maduka na mazombi. Siyo mazombi kumi. Mamia, kwenye kioo kimoja, kwa wakati mmoja, unafungua mlango unaona kama Kariakoo wiki ya mwisho kabla ya Iddi, ila wote wanataka kukung'ata. Na gemu yote imesimama juu ya ule wingi: huwezi kuwapiga wote, inabidi upenye, upande juu ya maduka, utafute njia ya nyuma, uamue nani unamuokoa na nani unamuacha maana saa inakimbia. 2009 wakaileta Wii, wakaijenga upya juu ya injini, yaani programu ya msingi, ya Resident Evil 4, na ile rimoti ya kuelekeza ndani yake, yaani kulenga kuzuri kuliko kwa asili. Lakini umati umeisha. Mazombi wamebaki wa kuhesabika, kamera ya kupiga picha imeondolewa kabisa, na jengo lililokuwa limefurika likawa korido zenye watu wachache wanaotembea polepole kama wametoka kliniki. Pedi imepanda, gemu imekufa. Ukiwa unaweza kumpiga kila zombi kichwani kwa raha zako, na wako wachache tu, kuna haja gani ya kupanda juu ya duka?

Hapa ndipo nilipoacha kubisha kwa lugha ile ya zamani, maana neno grafiksi nalo linabeba mizigo miwili kama ile rimoti. Kuna uzuri wa picha, jasho la shingoni na kivuli cha majani, na kuna ujazo, yaani mashine inaweza kushika vitu vingapi kwa mara moja na kuvifanya vyote viende. Tunaviita vyote grafiksi kwa sababu vyote vinaonekana kwenye kioo. Ila cha kwanza ukikitoa gemu inabaki, cha pili ukikitoa unaweza kubaki na jina tu kwenye boksi. Wii ilifikiri imeacha cha kwanza, kumbe imeacha vyote viwili. GTA IV ya 2008 haikukanyaga Wii kabisa, na gemu nyingi kubwa za miaka ile ama hazikuja au zilikuja zimekatwakatwa.

Na bado Wii iliuza. Zaidi ya milioni 101 kwa jumla, PS3 kama 87, Xbox 360 kama 84. Mtu wa mauzo atanizodoa hapa kwamba nachambua nini wakati mshindi yuko wazi. Kweli, na siwezi kuidharau ile tenisi hata baada ya kuona X imejificha ndani. Kwa sababu jiulize, kama kitufe kimoja kingetosha kwa nini hakuna aliyetengeneza tenisi ya kitufe kimoja ikauza milioni 82? Ndiyo, Wii Sports iliwekwa bure ndani ya boksi karibu kila nchi isipokuwa Japani na Korea Kusini, hilo limechangia, ila siyo lote. Mama mdogo wangu huyohuyo wa mishumaa hajawahi kushika pedi maishani, tulishajaribu kumpa ya PS2 akaishika kichwa chini miguu juu akatucheka sisi. Rimoti hakufundishwa. Aliangalia watu wawili wanacheza bouling, akasimama, akaichukua, akaurudisha mkono nyuma, akaachia, na gogo sita zikaanguka. Kile kitendo chenyewe ndiyo maelezo. Kutikisa kulikuwa kunafanya kazi, ila siyo kazi ya mchezaji, ni kazi ya anayetazama: kulikuwa kunamwambia asiyejua kwamba tayari anajua. Ukishajua kweli, kama yule dogo, unalala kwenye mkeka na hakikusaidii tena.

Kuna gharama zake pia, tusiseme ilikuwa bure. Desemba ileile ya uzinduzi Nintendo ilibidi wabadilishie watu vikamba vya mkononi, milioni 3 na ushee, kwa sababu vilikuwa vinakatika na rimoti zinaruka kwenye vioo. Nilishawahi kumpelekea mwenye banda wetu wazo kwamba aweke Wii kona moja, akaniangalia, akaliangalia lile benchi lenye vijana wanne wamebanana na pedi za waya, akaniuliza rimoti ikitoka mkononi ikapiga kioo nani analipa. Sikuwa na jibu na yeye hakuwa na haja ya jingine.

Sasa tazama mauzo yalivyotembea mwaka hadi mwaka, maana jumla inaficha. Mwaka wa hesabu ulioishia Machi 2009 waliuza karibu milioni 26, hapo ndipo kilele. Uliofuata 20 na nusu. Kisha 15. Kisha haikufika 10. PS3 miaka hiyohiyo haikuporomoka hivyo. Moja ya sababu niliiona nyumbani: 2012 tuliuza chogo tukaleta tivi flati ya inchi 40, tukachomeka Wii, na ile picha iliyokuwa safi kabisa kwenye chogo ikawa kama imechorwa kwa makaa kwenye ukuta wa chokaa, kingo zote ngazi ngazi. Mashine haikubadilika hata skrubu moja, kilichobadilika ni kioo. Ila sababu kubwa zaidi naiona ni ile ya mkeka. Mtu aliyeingia kwenye Wii kwa kutikisa alimaliza kujifunza ndani ya wiki, na baada ya hapo hakukuwa na ghorofa ya juu ya kupanda.

Nintendo wenyewe walijua, ndiyo maana 2009 walitoa Wii MotionPlus, kidude cha kuchomeka chini ya rimoti chenye jairoskopu ndani, hapo sasa rimoti ikaanza kujua kweli mkono umegeuka vipi hewani. Karibu miaka mitatu baadaye, na unauziwa pembeni. Mojawapo ya gemu zilizokitumia kwa dhati ni Skyward Sword ya 2011, Zelda tena, na humo upanga hatimaye ulijali: ua linalouma linafumbua mdomo kwa ulalo lazima ukate kwa ulalo, likifumbua kwa wima kata wima, ukikosea linakung'ata. Mimi hii niliipenda, wengi waliichukia kwa sababu rimoti ilikuwa inapotea mwelekeo kila mara na inabidi uitulize upya katikati ya vita. Utamu ni kilichofuata: 2021 walivyoirudisha kwenye Switch waliruhusu upanga upigwe kwa kijiti cha kulia, unasukuma kushoto anakata kushoto. Na inachezeka vizuri tu. Kumbe kilichokuwa kipya mle ni lile swali ambalo adui anakuuliza, kata wapi, na swali hilo halijali umelijibu kwa bega au kwa kidole gumba.

Wapinzani nao walisoma somo kwa kukariri. Sony wakaleta rimoti yao ya kutikisa, Move, 2010, Microsoft wakaleta Kinect Novemba mwaka huohuo, kamera isiyotaka hata rimoti, mwili wako ndio pedi. Milioni 8 ndani ya siku 60, ikaingia kitabu cha rekodi cha Guinness. Wakaichukulia Wii kwamba ilishinda kwa kutikisa, basi tutikise zaidi. Wameondoa hata kile kitufe kimoja, na bila kitufe wala kijiti mtu anatembeaje ndani ya gemu akiwa sebuleni kwake? Hatembei. Ndiyo maana gemu za Kinect ama unacheza dansi ulipo au unasukumwa kwenye reli kama behewa. Kulenga nako, mkono unaoninginia hewani bila kitu cha kushika unatetemeka, jaribu hata sasa hivi unyooshe kidole dakika tatu.

Ila sehemu ya Kinect inayoingia moja kwa moja kwenye kesi yetu ni 2013. Xbox One ikatoka na Kinect ndani ya boksi kwa lazima, dola 500, PS4 bila kamera dola 400. Mbaya zaidi, mashine ilikuwa inatenga kama asilimia 10 ya nguvu ya chipu ya picha kwa ajili ya Kinect na mambo ya mfumo, uwe unaitumia au huitumii. Na Xbox One tayari ilikuwa dhaifu kidogo kuliko PS4. Call of Duty: Ghosts ikatoka 1080p kwenye PS4 na 720p kwenye Xbox One, watu wakaweka picha mbili pembeni kwa pembeni, mjadala ukafungwa hapohapo. Katikati ya 2014 Microsoft wakaanza kuiuza bila Kinect kwa dola 400 na ile asilimia 10 wakairudisha kwa watengeneza gemu. Oktoba 2017 wakaacha kabisa kuitengeneza. Sisi tunabishana kama vile grafiksi na pedi ni timu mbili kwenye uwanja tofauti, kumbe zinakula sahani moja, kamera inayokusoma mwili nayo ni hesabu, na hesabu inalipwa kwa chipu ileile inayochora.

Nintendo wenyewe hawakupona kwa urahisi. Wii U ya 2012 ilikuja na HD hatimaye na pedi yenye kioo katikati, mpya kabisa hakuna aliyewahi kuiona, ikauza milioni 13 na nusu na kufa. Hapa sina mengi, pedi ilikuwa mpya na haikumwambia chochote mama mdogo, maana ilikuwa na vitufe vyote vya zamani pamoja na kioo juu yake. Lakini kwenye kaburi hilohilo, 2015, ikatoka Splatoon, gemu ya kurushiana rangi, na humo jairoskopu iliwekwa kwa adabu: kijiti kinageuza kwa ukubwa, kiganja kinarekebisha kidogo kidogo ule ulengaji wa mwisho. Hakuna kuruka wala kusogeza makochi. Wengi wanaoicheza kwa mashindano hawataki kuizima hiyo jairoskopu.

Yule dogo wa mkeka sasa ni mtu mzima, ana duka la vifaa vya simu. Nilimkuta mwezi uliopita nyuma ya kaunta anacheza PUBG Mobile, gemu ya bunduki ya kwenye simu, simu kaishika kwa vidole vinne, na kila akifungua skopu naona viganja vinainama kidogo, kushoto, chini, kurudi, kama anasawazisha maji kwenye sinia. Jairo kaiwasha muda wote. Nikachungulia mpangilio wake wa picha, simu yake ni kali inaweza kuchora mpaka majani, yeye kaweka grafiksi daraja la chini kabisa, kila kitu bapa kama plastiki, halafu fremu, yaani idadi ya picha kwa sekunde, kazipandisha mpaka mwisho. Nikamuuliza kwa nini amejinyima hivyo. Hakuinua macho. "Majani yanamficha mtu, kaka," akasema, akainamisha viganja, na mtu kule mlimani akaanguka.